Mapaa Mawili, Gata Moja

Seni aliliona balaa kabla halijatokea, na ulimi wake ukamganda kinywani. Mama mkwe wake, Bibi Gaudiosa, alikuwa amesimama kando ya ukuta mpya wa uani, ukuta uliokuwa umefika mabegani tu, akitafuta pa kuegemea ili atoe kijiwe kilichoingia kwenye kiatu chake. Nyuma ya mgongo wake, juu ya tofali za kuchoma, alama kubwa ya X ilikuwa bado inameta. Rangi nyekundu, mbichi. Watu wa ofisi ya ardhi walikuwa wameondoka muda si mrefu.

Neno moja la tahadhari lingetosha. Lakini tangu alipomwoa Sikuzani, Seni hakuwahi kumsemesha mama mkwe huyo, wala kumtazama usoni. Aliangaza huku na huku akimtafuta mkewe, akakumbuka kwamba ameenda sokoni. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Palikuwa na kuku wa kishungi tu, akichakura karibu na jiko.

"Kuku," Seni alisema, nusu ya mwili wake ikiwa nyuma ya ukuta wa jiko, "rangi ile ni mbichi."

Kuku hakuacha kuchakura. Bibi Gaudiosa, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka kabla ya miguu, aliegemea ukuta kwa mgongo mzima, akavua kiatu, akakikung'uta, akakivaa tena bila haraka. Alipoinuka, kanga yake ilikuwa imechukua nusu ya alama: mkono mmoja wa X, kutoka bega la kushoto hadi kiunoni.

Ndivyo Sikuzani alivyowakuta aliporudi: mumewe amejificha jikoni, mama yake akitembea uani na rangi mgongoni, na ukuta wao umehukumiwa. Alitua kapu chini.

"Mama," alisema, "umeandikwa."

Bibi Gaudiosa aliivuta kanga mbele, akaitazama kwa jicho lake lililo zima. Alipima urefu wa ule mstari kama anayenunua kitambaa.

"Basi na mimi nibomolewe," alisema. "Nilikuwa nashangaa wamechelewa."

Asiyejua angedhani kati ya mkwe na mkwe palikuwa na chuki. Haikuwa chuki. Seni alizaliwa katika ukoo wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, wakaswaga ng'ombe wao hadi Msowero, na kwao mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia: ukimwona anakuja unaingia majanini, unageuza uso, unangoja hadi harufu ya kanga yake ipite. Bibi Gaudiosa alizaliwa na kuzeekea milimani Vidunda, na kwao mwanamume aliyemwoa binti yako hulali naye chini ya paa moja, hata mvua ikunyeshee hadi kwenye mifupa. Koo hizo mbili hazikuwa na lugha moja, wala ngoma moja, wala hazikubaliani hata juu ya ugali uwe mgumu kiasi gani. Lakini siku ya kupeleka mahari, jambo hili halikujadiliwa. Kila upande uliona mwenzake amelelewa.

Basi waliishi hivyo. Bibi Gaudiosa akija Mikumi kusalimia, alifikia kwa Imelda, jirani wa ukuta wa pili, akala chakula cha binti yake akiwa huko. Maneno kati yake na mkwe yalipita kwa Sikuzani, na Sikuzani asipokuwepo, yalipita kwa chochote kilicho karibu. Aliwahi kuliambia sufuria, Seni akiwa upande wa pili wa dirisha, kwamba mwenye nyumba hii anakonda na aache kurithi shati la kaka yake. Siku iliyofuata Seni aliuambia mlango kwamba shati ni lake mwenyewe. Tangu kuku wa kishungi aanguliwe, kazi hiyo ilikuwa yake, na kwa ajili hiyo hakuna sikukuu iliyowahi kumfikisha chunguni.

Kisha, mwaka uliopita, Bibi Gaudiosa aliteleza karibu na mafiga nyumbani kwake, mkono ukaangukia makaa. Alilala pale pale sakafuni, akimwita kila mtu aliyemkumbuka, walio hai na waliokufa, hadi alipopita jirani anayekwenda kuteka maji. Mkono ulipona, ukabaki umekunjamana kama gome. Kilichobaki wazi ni kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Sikuzani alimpandia mlima, akamshusha hadi Kidodi, akamleta Mikumi kwa Imelda, na usiku wote huo wakiwa njiani mumewe tayari alikuwa amekwisha kuchora msingi kwa jembe.

Seni alikuwa fundi wa matairi kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Iringa yanaposimama kupoza magurudumu. Alikulia mahali ambapo mtu akiongezeka, nyumba huongezeka. Huvuti kamba ya kupimia, huombi ruhusa, unakata miti. Kibali cha ujenzi alikijua, lakini alidhani ni cha maghorofa na vituo vya mafuta. Chumba kimoja cha bibi kizee, chenye baraza la kuanikia mboga, nani angekiita ujenzi? Alinunua tofali, akamtafuta mwashi. Na alipoulizwa kijengwe wapi, alitembea hatua kwa hatua kutoka mlango wake, akapita jiko, akapita kamba ya kuanikia nguo, akaenda hadi pembe ya mwisho ya kiwanja, pale jiwe la mpaka lilipo. Akakielekeza mlango kwenye uzio, ili mama mkwe atokapo asikutane na uso wa mtu. Mwashi alimwambia ukuta umegusa mpaka. Seni alijibu kwamba ndivyo anavyotaka. Kama kiwanja kingekuwa kirefu zaidi, angekwenda mbali zaidi.

Imelda alikuja kuona msingi, akashika kiuno.

"Sikuzani," alisema, "wenzako wakisikia mume anajenga nyumba ndogo, wanalia. Wewe unawapikia mafundi uji."

Walicheka hadi kuku akakimbia. Hakuna aliyejua kwamba heshima ya Seni ilikuwa imevunja sheria.

Siku ya pili baada ya ile alama, mmoja wa wale watu wa ofisi ya ardhi, Editha, alirudi peke yake. Alikuwa binti mwembamba mwenye buti za mpira, msaidizi wa mipango miji, na diploma yake ilikuwa bado inanukia wino. Alimwamkia Seni shikamoo, akaketi kwenye kiti alichopewa, akasema amerudi kwa sababu alama haielezi, na yeye hapendi mtu abomoe kitu bila kujua kwa nini.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Jengo lolote litulie mita moja na nusu kutoka mpaka wa jirani, ili pawe na hewa, na mwanga, na njia: moto ukiwaka kwa mmoja, wazimaji wapite wapi? Tena kiwanja hiki ni kidogo. Nyumba kubwa, jiko na choo vimekwisha kula sehemu yake. Nafasi iliyobaki haibebi nyumba ya pili ya kulala inayosimama peke yake, hata ikisogezwa. Kinachoruhusiwa ni kuongeza chumba kwenye nyumba iliyopo, upande wa magharibi ambako nafasi inatosha, kikishikana nayo ukuta kwa ukuta. Jengo moja. Kibali cha nyongeza kama hiyo hakina mlolongo mrefu, na ramani angewasaidia.

"Ila kuna kitu sijakielewa," alisema, akigeuka kuitazama ile pembe. "Baba, uwanja wote huu, kwa nini ukaenda kujibana kule mwisho?"

Seni alitazama viatu vyake. Mambo ya mkwe hayatajwi mbele ya watu kama bei ya mchele. Sikuzani ndiye aliyejibu.

"Anamheshimu mama yangu."

"Kwa kumweka pembeni?"

"Kwa kumweka mbali."

Editha aliitazama tena ile pembe. Pengine alikuwa anatafuta katika yale aliyosomeshwa mahali pa kuliweka jibu hilo.

Jioni Sikuzani alimpelekea mama yake habari, barazani kwa Imelda. Bibi Gaudiosa alikuwa akichambua mchicha. Aliuliza jambo moja tu: hilo jengo moja, ni paa moja? Sikuzani alikubali kwamba ndiyo.

"Basi nitarudi Vidunda," mama yake alisema, kwa sauti ya mtu anayesema anaingia ndani kuchukua chumvi.

Sikuzani alimkumbusha mafiga. Alimkumbusha mkono. Mama yake alisema mkono ni wake na makaa ni yake. Imelda, aliyekuwa akisikiliza kwa masikio yote mawili, alisema bibi abaki hapo kwake hata milele. Lakini wote watatu walijua kwamba chumba alichokuwa akilala kilikuwa cha Joyce, binti wa Imelda, aliyekuwa anarudi kabla ya masika ili ajifungue. Palikuwa na kitanda kimoja, na mtoto alikuwa njiani. Bibi Gaudiosa alimaliza mchicha wake, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake moja baada ya nyingine. Kanga yenye mstari mwekundu aliiweka juu, ili aifunge safarini.

Seni aliletewa maneno hayo akiwa anakula. Alisukuma sahani. Sikuzani, aliyemjua, aliiondoa bila kuuliza.

Asubuhi Seni alipanda gari la Kilosa. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa mambo ya ardhi wako huko, na mkubwa huweza kuona kile ambacho mdogo haruhusiwi kukiona. Njia nzima alipanga maneno. Walipita kijiji cha Ulaya, wakapita mashamba yaliyolimwa yakingoja mvua, na yeye bado alikuwa akiyapanga. Lakini alipoketi mbele ya mzee mmoja mpole, mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, maneno yote yalitawanyika. Alisema tu kwamba anaomba aachiwe chumba kimoja, kwa sababu kuna mama ambaye hana pa kulala.

"Huyo mama ni nani wako?" mzee aliuliza.

Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Ni mkwe. Lakini neno hilo, mbele ya meza ile, lilisikika dogo na la mbali, kama linamhusu mtu anayepita barabarani.

"Ni mama yangu," Seni alisema.

"Mzazi?"

"Ni mama yangu," alirudia.

Mzee aliteremsha miwani yake. Akasema naye ana mama. Akasema pia kwamba kanuni ikipindishwa leo kwa ajili ya chumba cha mama, kesho itapindishwa kwa ajili ya duka litakaloziba njia ya jirani, na mwenye duka naye atasema ni la mama. Alimshauri amsikilize yule binti wa Mikumi. Alimpa mkono, akamtakia safari njema.

Kwa hiyo alirudi kama alivyokwenda. Lakini kuna kitu ambacho hakwenda nacho, akarudi nacho. Kwenye kiti cha dirishani, vumbi likimjaa shingoni, Seni alijaribu kuiona sura ya mwanamke aliyetoka kumwita mama, na hakuweza. Aliijua miguu yake. Alijua pindo za kanga zake zote. Alikijua kikohozi chake kutoka mbali, maana kikohozi kile ndicho kilichomwambia wakati wa kuingia majanini. Uso hakuwa nao. Miaka yote hiyo Bibi Gaudiosa hakuwa mtu kwake, alikuwa upande. Upande wa kutotazama. Na yeye, kila alipogeuza shingo, alijisifu kwamba ameheshimu.

Lakini adabu gani hii, alijiuliza, inayomwacha mwanamke aegemee rangi mbichi huku mimi namwambia kuku? Na kama kule Vidunda angekuwa jirani yake wa karibu kuliko wote, akamsikia akiita kutoka mafigani, je, angesimama nje akimtafuta wa kumtuma?

Alipofika nyumbani alimwambia mkewe amwite Editha aje kupima upande wa magharibi. Sikuzani alisema mama hatakubali. Seni alisema kwamba kama hatakubali basi na akatae akiwa anauona mkanda wa kupimia. Watu hukataa vizuri zaidi mambo wasiyoyaona.

Siku Editha alipokuja, Bibi Gaudiosa alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, amejifunga kanga ya safari, mzigo wake umelala miguuni. Hakuna aliyemwalika. Seni alipomwona aliingia jikoni, lakini safari hii hakurudi nyuma hadi kwenye ukuta wa mwisho. Alisimama mlangoni, uso ameugeuza, sikio ameliacha nje.

"Shikamoo, bibi," Editha alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyenipiga X?"

"Nilipiga ukuta, bibi."

"Mimi na ukuta tulikuwa pamoja."

Editha aliinama kuficha kicheko, akajishughulisha na mkanda. Bibi Gaudiosa alimwacha apime urefu, akamwacha apime upana, kisha akamuuliza hiyo sheria yao inasema nini juu ya maji ya mvua. Editha alisema inasema maji ya paa lako yasimwagike kwa jirani.

Bibi Gaudiosa aliutafakari mstari huo. Ilionekana umempendeza.

"Hiyo ni sheria yenye adabu," alisema. "Aliyeitunga alikuwa na mkwe."

Halafu akavuta kigoda mbele. Kwao, alieleza, nyumba haihesabiwi kwa kuta. Kuta ni udongo, hata kichuguu kina kuta. Nyumba ni mgongo wake na maji yake. Paa likiwa na mgongo mmoja, aliyeko kulia na aliyeko kushoto wamelala pamoja, hata wakitenganishwa na ukuta wa chuma. Lakini migongo ikiwa miwili, kila mmoja ukamwaga maji yake, basi hizo ni nyumba mbili, hata zikibanana kama meno.

"Sasa nikuulize, mjukuu wangu. Paa langu likiwa na mgongo wake, na la mwenye nyumba likiwa na wake, maji yakakutana chini tu, hapo katikati. Ofisi yako itaona nini?"

Editha alichuchumaa. Aliokota msumari uliodondoshwa na mafundi, akachora vumbini: mgongo mmoja, mgongo wa pili, ukuta wa pamoja, na bondeni kati ya mapaa mawili, mstari mzito wa gata, mfereji wa kupokea maji ya paa. Alichora polepole, akafuta, akachora tena. Sikuzani, aliyekuwa amesimama na beseni mkononi, baadaye alisema alisahau kupumua.

"Ofisi itaona jengo moja," Editha alisema mwishowe.

"Na mimi nitaona mawili."

"Bibi, unachokiona wewe, sheria haina neno nacho."

Ila akawaonya. Gata lililo kati ya mapaa mawili lina matatizo, mafundi hawalipendi. Majani yakijaa, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Lazima awepo mtu wa kupanda kulisafisha kila mara, hasa masika, na asiwe mtu wa kukumbushwa.

Kisha sauti ilitoka mlangoni mwa jiko.

"Kuku," Seni alisema, "mwambie huyo binti kwamba mwenye nyumba atalisafisha."

Editha alimtazama kuku. Akamtazama Sikuzani.

"Amekubali," Sikuzani alisema.

Bibi Gaudiosa hakusema amekubali wala amekataa. Alifungua mzigo wake hapo hapo kwenye vumbi, akatoa kikombe chake cha bati, akaomba chai, na iwe na sukari ya kueleweka.

Kibali kilipotoka, Seni aliubomoa ukuta wa pembeni kwa mikono yake. Hakutaka mwashi amsaidie. Alizitoa tofali moja moja, akazikwangua, akazibeba hadi upande wa magharibi, karibu na chumba chake mwenyewe cha kulala, na kila safari ilimpitisha mbele ya baraza la Imelda alikokaa mama mkwe. Hakuingia majanini, mtu aliyebeba tofali hana majani ya kuingia. Aliteremsha macho tu, akapita.

Mwashi alizipanga kadiri zilivyomjia mkononi. Hakuna aliyemkumbusha ile rangi. Ukuta wa ndani ulipopanda, ilionekana kwamba X imepasuka vipande vipande na kutawanyika: tofali moja nyekundu karibu na dirisha, nyingine juu ya kitanda, nusu nyingine chini kabisa, kama maua yasiyofuata mstari. Sikuzani alitaka kuupiga plasta. Mama yake alikataa. Alisema hajawahi kuwa na nyumba yenye urembo.

Joyce aliporudi kwa mama yake na tumbo lake, Bibi Gaudiosa alikuwa ameshahama.

Ukuta ule mmoja ndio uliokuwa ukimtisha Seni. Alidhani atasikia mno. Alisikia, ndiyo: rozari alfajiri, vitendawili vya Kividunda alivyojitegea na kuvitegua mwenyewe, redio ndogo usiku wakati wa taarifa ya habari. Aligundua kwamba mama mkwe wake hubishana na redio. Aligundua kwamba hucheka peke yake, kicheko kifupi cha msichana, na kwamba hukimeza haraka kana kwamba ametoa siri. Naye kwa upande wake alianza kukohoa kidogo arudipo kutoka kazini, kikohozi kisicho cha mafua, ili upande wa pili ujue kwamba amefika. Usiku mmoja alichelewa kwa sababu ya lori lililokwama milimani. Alipoingia na kukohoa, alisikia kitanda cha ng'ambo kikilia: mtu aliyekuwa ameketi amelala.

Hayo yote bado yalikuwa ukutani. Mbele ya macho, kuku aliendelea na kazi yake.

Masika ilianza kwa upole, halafu siku moja alasiri ikasahau upole. Mvua iliangukia Mikumi kwa mafungu, barabara ikawa mto, na Seni akafunga kibanda chake cha matairi akakimbilia nyumbani. Sikuzani hakuwepo. Joyce alikuwa amepatwa na uchungu tangu asubuhi, na Sikuzani na Imelda walikuwa naye hospitali. Seni alibadilisha shati, akakohoa kama kawaida yake, akakaa kusikiliza bati.

Alisikia badiliko kabla hajalielewa. Mlio wa maji katikati, ule wa kukimbia, ulikuwa umekufa. Siku hiyo upepo ulikuwa umeutikisa mwarobaini wa Imelda asubuhi nzima, na yeye alikuwa ameahidi kupanda jioni kulisafisha gata.

"Kuku," sauti ilisema upande wa pili wa ukuta. "Kuku, mwambie mwenye nyumba kwamba maji yanaingia kitandani."

Seni aliangalia chini. Kuku wa kishungi alikuwa amejikunyata chini ya meza yake, sebuleni, manyoya yamelowa, jicho moja amefumba.

Alingoja. Hakujua anangoja nini. Labda mlango ufunguke na Sikuzani aingie. Labda mvua ikate. Mvua haikukata. Upande wa pili kitu kizito kilisukumwa sakafuni, na mtu mzee akaguna. Seni aliukumbuka ukuta uliokuwa mabegani na rangi iliyokuwa ikimeta.

"Kuku yuko huku," alisema kwa sauti, "kwangu."

Upande wa pili kule kusukuma kukakoma.

"Basi umesikia mwenyewe," Bibi Gaudiosa alisema.

Seni alikuwa ameshatoka kabla sentensi haijaisha. Aliichukua ngazi nyuma ya jiko, akaisimamisha pale mapaa yanapokutana, akapanda. Ilizama tope mguu mmoja, ikayumba, akarudi chini. Aliisimamisha tena. Ikayumba tena, alikuwa katikati, mkono mmoja kwenye ukingo wa bati, alipohisi ngazi imetulia ghafla, kama imeota mizizi.

Hakuhitaji kutazama, lakini chini ya kwapa lake aliona pindo la kanga na mstari mwekundu uliofifia kwa kufuliwa. Bibi Gaudiosa alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule wa gome, kanga ameifunika kichwani, uso ameuelekeza kwenye uzio. Maji yalimtiririka puani.

Seni alizamisha mkono kwenye gata. Alitoa majani kwa konzi, meusi, mazito, akayatupa mbali. Akatoa tena, hadi kitu kikakoroma chini ya vidole vyake na maji yakapata njia. Yalitoka upande wa paa lake na upande wa paa la mama mkwe, yakakutana bondeni, yakaondoka pamoja yakipiga kelele.

Hapo ndipo alipotambua mahali alipo. Nyayo zake, zenye tope, zilikuwa juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Kwa mila ya Msowero na kwa mila ya Vidunda hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Hakuweza kushuka bila kumkaribia. Hakuweza kubaki bila kumdhalilisha. Alitafuta neno la kuomba radhi, na katika maneno yote aliyowahi kuyafunga kwa ajili yake, lililokuwa la kwanza kufunguka lilikuwa lile ambalo kila siku alilituma kupitia kwa mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

Mvua ilinyesha. Ngazi haikutikisika.

"Marahaba," Bibi Gaudiosa aliuambia uzio. Alipangusa pua kwa bega. "Usishuke kwanza. Upande wangu bado kuna majani."

Seni aligeuza shingo, safari hii kuelekea upande ule, akanyoosha mkono.